TAHADHARI: Seti za kabureta "orijino ya Japani" zenye jeti za tundu moja

Wakuu, salaam. Hii ni kwa waendesha bodaboda, wamiliki wa pikipiki na mafundi wenzangu, hasa wa Dar na Pwani.

Kuna muuzaji wa spea anayejitangaza sana WhatsApp na Instagram kwamba ana "seti ya nguvu" ya pikipiki za cc 125 na cc 150. Ndani ya seti unapata kabureta ya milimita 28 au 30 yenye chapa ya Mikuni au Keihin, filta ya koni, eksozi ya wazi, na kipakiti cha jeti, yaani vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli ndani ya kabureta, za namba mbalimbali. Anadai mzigo unatoka Japani moja kwa moja. Pikipiki zilizofungwa seti hizo zinaletwa bandani kwetu zikiwa zimechemsha, pistoni imekwaruza bloku, na wenye pikipiki wote wanasimulia habari moja. Jina la ukurasa wake siliweki hapa kwa sababu analibadilisha kila akilalamikiwa, na mzigo huohuo sasa uko kwa wauzaji wengine pia. Jueni mzigo wenyewe.

Ubaya mkubwa uko kwenye jeti. Ukitoa boksi la filta na kufunga koni, kisha ukaweka eksozi ya wazi, hewa inayoingia kwenye injini inaongezeka. Petroli inahitaji hewa karibu sehemu 14.7 kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Hewa ikizidi na petroli ikabaki palepale, injini inachemka, inapiga risasi kwenye eksozi ukiachia resi, na plagi inatoka nyeupe. Dawa yake kila fundi anaijua: unapandisha namba ya jeti kubwa, ile inayolisha injini resi ikiwa wazi, hatua kwa hatua, mpaka plagi itoke rangi ya kahawia. Sasa kwenye kipakiti cha huyu bwana, jeti imeandikwa 100, nyingine 110, nyingine 120, lakini tundu ni lilelile. Namba zimegongwa juu tu. Fundi anabadilisha jeti zote na pikipiki haibadiliki, basi anaanza kushuku koili, anashuku valvu, anamtuma mteja akanunue CDI, kile kiboksi cha umeme wa cheche. Pesa inaendelea kutoka mfukoni mwa mtu ambaye tatizo lake ni kijeti cha shaba.

Mteja akirudi kulalamika, muuzaji anamwambia fundi wake hajui kazi, ampeleke kwa fundi wa dukani, kwa malipo mengine. Hapo ndipo watu wengi wanapoaminishwa, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri. Yule fundi anapandisha sindano ya kabureta kwa kushusha klipu yake, anarekebisha skrubu ya mchanganyiko, anaseti silensa, yaani mlio wa injini bila kuvuta resi, inatulia kabisa. Unajaribu mtaani, pikipiki tamu, unalipa na kuondoka. Lakini skrubu ile inatawala silensa na mwanzo wa resi tu. Sindano inatawala katikati, tuseme kuanzia robo mpaka robo tatu ya resi. Ukivuka hapo, kazi yote ni ya jeti kubwa, na jeti kubwa haijaguswa. Mtaani huwezi kuligundua hilo. Unaligundua ukiwa Barabara ya Kilwa au ya Morogoro, umepakia, resi imefunguliwa yote, jua la saa saba. Injini inanoki hapo.

Na anayeumia ni nani? Kijana wa mkataba, ambaye bosi anamdai hesabu hata siku pikipiki ikiwa imelala bandani. Hilo ndilo linaloniuma.

Kabla hujatoa hela, omba kipakiti kifunguliwe. Jeti kubwa za Keihin namba yake ni kipenyo cha tundu: 100 ni milimita 1.00, 120 ni milimita 1.20. Chukua biti ya drili ya milimita 1.1 na utumie mkia wake laini, kamwe si upande wa kukata, maana utaharibu tundu. Kwenye 120 lazima upite, kwenye 100 lazima ugome. Ukipita zote au ukigoma zote, rudisha mzigo. Huna biti? Shika 100 na 120 pamoja uzitazame kwenye mwanga, tofauti inaonekana kwa jicho. Kwa Mikuni mambo ni mengine, kwani namba za jeti zake kubwa hufuata kiasi cha mafuta kinachopita, hivyo 120 ya Mikuni si sawa na 120 ya Keihin. Muuzaji anayekwambia "namba ni namba tu" ama hajui anachouza au anakudanganya. Jeti halisi ya Mikuni huwa pia na alama ndogo ya mraba ndani ya mraba. Alama hiyo nayo inaweza kuigwa, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Tazama na kabureta yenyewe. Slaidi, kile kipande kinachopanda ukivuta resi, ikicheza na kugongagonga ukiitikisa, acha. Kingo za ndani zikiwa na mabaki ya chuma cha kumimina, acha. Na hata ingekuwa orijino, milimita 30 kwenye injini ya cc 125 isiyoguswa kitu kingine ni kubwa mno: hewa inapita polepole, mvuto wa petroli unakuwa dhaifu, pikipiki inazubaa ukianza kuondoka na inakula mafuta bure. Ukubwa wa kabureta hauleti nguvu peke yake.

Dalili nyingine ni za malipo. Anataka utume hela kwanza kwenye namba yake binafsi, si Lipa Namba yenye jina la duka. Risiti ya EFD hatoi. Ukiomba picha ya jeti kwa karibu anakutumia picha za mtandaoni.

Kama umeshafunga seti hii, usiikimbize resi ya juu hata kama silensa imetulia. Rudisha kabureta yako ya zamani pamoja na boksi lake la filta. Kabureta ya zamani ikibaki na koni, hewa itazidi vilevile, na koni bila kinga inaingiza vumbi na maji ya mvua. Chomoa plagi uitazame. Ikiwa nyeupe, mwombe fundi akague pistoni na ringi kabla hujarudi barabarani.

Bidhaa bandia zinaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa. Namba ya simu iliyotumika kukutapeli, itume pamoja na ujumbe wake kwenda 15040. Hifadhi kipakiti, ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, usifute kitu. Mafundi mliokutana na jeti hizi, wekeni hapa chini picha za namba na tundu zikiwa pamoja, ili mtu akiletewa mzigo azilinganishe kabla hajalipa.