John Carter: Muvi Nzuri Iliyozama na Dola Milioni 250

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote mnaonitazama, shikamooni. Leo niko Mikindani, Mtwara, nimekaa barazani, kwa hiyo upepo wa bahari mtausikia kidogo kwenye maiki, mnivumilie. Tunaichambua John Carter, muvi ya Disney ya mwaka 2012. Ya zamani, najua. Ila wiki iliyopita nimeiona upya kwenye banda la video kule Chikongola, na tangu siku hiyo sijaacha kuiwaza.

Hakukuwa na mpira siku ile, banda likajaa. Steringi anafika sayari ya Mirihi, yaani Mars, anajaribu kutembea anaanguka, anajaribu tena anajikuta amepaa juu kama panzi, na watoto wa mbele wote wamesimama juu ya mabenchi. Halafu ikaja ile sehemu anayobaki peke yake kulikabili jeshi zima la viumbe wa kijani wenye mikono minne. Anapigana, na katikati ya panga tunaonyeshwa alivyomzika mke wake huku duniani. Banda likanyamaza. Mnalijua banda la video, si mahali pa kunyamaza.

Tunatoka, kijana mmoja akaniuliza: "Kaka, hii ndiyo ile wanayosema ilitia hasara? Mbona kali?" Nikamwambia ndiyo yenyewe. Machi 2012, muvi haijamaliza hata wiki mbili kwenye kumbi, Disney walitangaza kwamba wanatarajia hasara ya dola milioni 200 hivi. Mwezi uliofuata mkuu wa studio akaachia ngazi.

Sasa hesabu yake, na watu wa Kusini mtanielewa upesi. Ukipeleka korosho chama cha msingi, ile bei inayotangazwa mnadani ndiyo hela unayoishika mkononi? Siyo. Kuna ushuru, kuna usafirishaji, kuna ghala, na madeni yako yanakungoja. Tiketi za muvi ziko vilevile. John Carter ilitengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 250, ikauza tiketi za milioni 284 hivi duniani kote. Mtu akisikia hivyo anasema faida ipo. Lakini wenye kumbi wanachukua chao, kwa wastani karibu nusu. Kule China studio ya nje inabaki na robo tu. Kwa hiyo iliyorudi nyumbani ni kama milioni 140, na hapo sijagusa matangazo, ambayo yalikadiriwa kufika milioni 100. Pigeni wenyewe. Ili tiketi peke yake zirudishe gharama, muvi hii ilitakiwa kuuza karibu milioni 700.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Ukishahitaji milioni 700, huwezi tena kuridhika na watu wanaopenda ngumi, au vijana tu, au Marekani peke yake. Unamhitaji kila mtu. Na anayemhitaji kila mtu anaanza kuogopa kumkosa yeyote. Hadithi hii inatoka kwenye riwaya iliyotoka kama kitabu mwaka 1917, inayomtaja binti mfalme wa Mars kwenye jina lake. Mwongozaji, Andrew Stanton, alieleza mwenyewe: wakaona ukisema binti mfalme, wavulana hawaji, wakaweka John Carter wa Mars. Wakaona ukisema Mars, wasichana hawaji, wakaiondoa Mars nayo. Pakabaki John Carter. John Carter ni nani? Mtu wa Newala au wa Chicago akilisikia jina hilo anajua nini? Haambiwi kuna sayari, haambiwi kuna mapenzi, haambiwi kuna vita.

Sasa niwaambie alichoandika mwenye banda kwa chaki kwenye ubao wa nje. Kaandika: JAMAA AANGUKIA SAYARI NYINGINE, ANARUKA KAMA NZIGE, AMPIGANIA BINTI MFALME. Basi. Ubao ule umeieleza muvi vizuri kuliko matangazo ya milioni 100, na ndio uliojaza mabenchi.

Halafu angalieni hili. Wiki mbili baada ya John Carter kutoka, ikatoka The Hunger Games. Bajeti yake milioni 80 hivi, mauzo karibu milioni 700. Habari yake unaimaliza kwa pumzi moja: watoto wanalazimishwa kuuana mpaka abaki mmoja. Ukishasikia hivyo, unataka kujua nani atabaki.

Stanton simchukii hata kidogo. Ndiye aliyetupa Finding Nemo na WALL-E, na vitabu hivi alivipenda tangu utotoni, unaliona pendo hilo kwenye kila pambo la nguo. Lakini alitoka kwenye katuni, na katuni unairudia kwenye kompyuta mpaka ikae sawa. Ukifanya kazi na watu wa kweli, kurudia maana yake waigizaji waitwe tena, seti isimamishwe tena, hela itoke tena. Na kwa sababu hadithi aliijua kwa moyo, alisahau kwamba sisi hatuijui. Dakika za mwanzo ni majina juu ya majina: Barsoom, Zodanga, Helium. Pale bandani watu waliinuka kwenda kununua karanga. Wengine nao walidhani ni muvi iliyoiga wenzake, kwa vile waliotangulia, Star Wars ya 1977 na Avatar ya 2009, walishachota kwenye kisima hikihiki. Mwenye kisima akaonekana mwizi wa maji. Inauma.

Wala hili si jambo la juzi. Kampuni ya Carolco, waliotupa Rambo, Rambo ambayo hakuna banda la Mtwara halijaionyesha, waliweka karibu milioni 100 kwenye muvi ya maharamia, Cutthroat Island. Marekani iliuza kama milioni 10. Mwaka huohuo, 1995, kampuni ikafilisika.

Haya, alama zangu. Mapigano na picha, tisa kwa kumi. Mapenzi ya steringi na binti mfalme, saba. Wanapatana haraka mno. Mwanzo, nne. Kwa jumla naipa saba, na namwambia kila anayenisikia aitafute. Ila kuna kopi ya kutafsiriwa inayozunguka humu mjini, mtafsiri anaongea mfululizo juu ya ile sehemu ya kaburi. Hiyo msiichukue. Mwambieni kijana wa muvi awaingizie kwenye flashi yenye sauti yake yenyewe.