Uzoefu wangu na kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu (EMG): je, ni ugonjwa au ni wasiwasi?

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kinachosomeka kwenye mashine ni cha kuaminika, ila wengi wetu tunakifuata kwa sababu ya ganzi, udhaifu au misuli kucheza, tukitafuta jibu ambalo hakina.

Kipimo kina sehemu mbili. Kwanza unabandikwa vipande vya kunasa umeme mkononi au mguuni, kisha mshipa wa fahamu unapigwa shoti ndogondogo, na mashine inapima ishara imesafiri kwa kasi gani na imefika ikiwa na nguvu kiasi gani. Kidole kinaruka chenyewe, unashtuka, lakini maumivu hayakai. Sehemu ya pili ni sindano nyembamba inayoingizwa ndani ya msuli. Hiyo haipigi umeme, inasikiliza tu: msuli uliolegea unatakiwa kuwa kimya, ukiukaza unasikika ukinguruma kwenye spika. Hapa ndipo panapouma, hasa kwenye ule msuli wa chini ya kidole gumba.

Usipake mafuta wala losheni siku hiyo. Sema mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Na usikubali kupimwa ukiwa na mikono ya baridi. Ngozi ya mkono ikiwa chini ya nyuzi 32 hivi, mshipa hupunguza kasi, na majibu huonekana mabaya ilhali ugonjwa haupo. Mwenye wasiwasi mara nyingi ndiye mwenye vidole vya baridi, kwa hiyo omba maji ya uvuguvugu kwanza.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu watoa huduma wengi hawamwambii mgonjwa kipimo hiki kinaishia wapi. Hakioni ubongo wala uti wa mgongo, kwa hiyo kiharusi, kifafa, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) na MS (ugonjwa unaoharibu utando wa nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo) haviondolewi nacho. Hakioni nyuzi ndogo za fahamu zinazobeba maumivu na joto. Na mshipa ukiumia leo, sindano inaweza kuchukua wiki 2 hadi 3 kabla ya kuona athari kwenye msuli. Ukiwahi sana unaambiwa uko salama wakati bado haijajulikana.

Sehemu ya huduma iliyo na thamani kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya kabla ya mashine: daktari, nyundo na mikono yake. Anachotafuta ni tofauti kati ya kuhisi huna nguvu na kutokuwa nazo. Wasiwasi hufanya miguu ionekane imekwisha kabisa, lakini mtu huyohuyo ukimwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, kisha ainuke kwenye kiti bila kushika popote, anaweza. Mguu wenye mshipa uliokufa hauwezi. Unyayo unadondoka hata mwenyewe akijitahidi. Halafu unanyoosha mikono mbele, viganja juu, macho umefumba, kwa sekunde 10 au zaidi. Mkono dhaifu hushuka taratibu huku kiganja kikigeukia ndani. Nyundo inagonga magoti na vifundo, unyayo unakwaruzwa (kwa mtu mzima kidole gumba kikiinuka juu ni dalili ya tatizo kwenye ubongo au uti wa mgongo; daktari Mfaransa Babinski aliieleza mwaka 1896), na chuma kinachotetemeka kinawekwa kwenye kidole gumba cha mguu. Daktari akikuandikia EMG bila kukuvua hata soksi, dai upimwe kwanza.

Ganzi nayo ina ramani yake. Ya wasiwasi hupanda ndani ya dakika chache, mara nyingi midomoni na kwenye vidole vya mikono yote miwili, na huisha pumzi ikitulia. Ukipumua kwa kasi unatoa kaboni dioksidi nyingi mno, damu inapungua asidi, kalsiamu iliyo huru inashuka, na mishipa inaanza kujisisimua yenyewe. Vidole vinaweza hata kujikunja na kukaza. Ganzi inayoanzia vidole vya miguu na kupanda kwa miezi huelekeza kwenye kisukari au upungufu wa vitamini B12. Ya kidole gumba hadi cha kati, inayokuamsha usiku, mara nyingi ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, na hapo EMG ni hodari kwelikweli. Ya upande mmoja iliyokuja ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakagoma, ni hospitali dakika hiyohiyo, hata kama imeshaachia. Ganzi inayopanda kwa siku chache huku miguu ikilegea nayo haisubiri miadi, kwa kuwa inaweza kufika kwenye misuli ya kupumua.

Misuli kucheza ndiyo inayowapeleka wengi kwenye EMG, wakihofia ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Kope au shavu la mguu likicheza hapa na pale, nguvu zikiwa kamili, msuli haujakonda na sindano imesomeka safi, hakuna kipimo cha kuongeza. Kahawa, kukosa usingizi na kujijaribu nguvu kila saa huzidisha mchezo huo, maana msuli uliochoka hucheza zaidi.

Kabla ya kulipia, maliza kwanza vipimo vya damu: sukari, B12, kalsiamu, potasiamu, magnesi na homoni za tezi ya thairoidi. Tezi hiyo ikizidisha kazi, mikono hutetemeka na moyo huenda mbio, mtu akaitwa mwenye wasiwasi bure. Pia kuwahi kutibiwa wasiwasi hakumkingi mtu na ugonjwa mwingine. Vyote viwili vinaweza kukaa pamoja.

Ukipewa ripoti, soma ni misuli ipi iliyopimwa. Ikiwa unalalamikia mguu na wamepima mkono tu, neno "kawaida" halikuhusu. Ikiwa wamepima panapohusika, usirudie baada ya mwezi kwa sababu hofu imerudi. Rudia ukiona kitu kipya kinachoonekana kwa macho, kama kifungo cha shati kisichofungika au msuli uliopungua upande mmoja.