Christen Eagle II iliyotumika: rangi nzuri, boriti je?

Tai mwenye manyoya ya rangi za upinde wa mvua, anayeanzia puani hadi mkiani, ndiye anayeiuza Eagle II, ndege ndogo ya michezo ya angani, kabla mnunuzi hajafungua hata kifuniko cha injini. Frank Christensen alipoitoa mwaka 1977 aliiuza ikiwa vipande ndani ya makasha, pamoja na vitabu vya maelekezo ambavyo waundaji wa ndege za nyumbani bado wanavisifu. Makasha yalifanana; mafundi hawakufanana. Kwa hiyo anayenunua leo ananunua kwanza kazi ya mikono ya mtu fulani, na rangi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote za kazi hiyo.

Ndege yenyewe ni ya mabawa mawili, moja juu na jingine chini, upana wa mita 6 na kidogo, viti viwili vya kufuatana, rubani nyuma. Injini ni Lycoming AEIO-360 ya nguvu farasi 200. Aileroni, yaani vibao vya mabawa vinavyobingirisha ndege, ni nne, fimbo ni nyepesi, na umbo la mabawa huifanya ndege itii karibu sawa ikiwa chali au ikiwa wima yake ya kawaida. Hubingirika karibu digrii 190 kwa sekunde. Hiyo ni kama nusu ya Extra 300, ndege ya mashindano ya bawa moja, ila kwa anayejifunza kusimamisha mbingirio mahali sahihi, wepesi wa kiasi ni msaada.

Katika mashindano ya IAC, klabu ya kimataifa ya michezo ya angani, daraja la Sportsman ndipo nyumbani kwake, na Intermediate, daraja linalofuata, inaiweza vizuri mikononi mwa rubani makini. Advanced, la juu yake, ni habari nyingine. Nyaya na mabawa mawili huburuta hewa, na nguvu farasi 200 hazitoshi kurudisha kimo kilichopotea ndani ya sanduku, yaani eneo la anga la mashindano, la mita 1,000 kila upande. Anayelenga huko atafute ndege ya bawa moja tangu mwanzo. Kwa maonyesho, hata hivyo, Eagle ina mvuto ambao ndege nyingi zenye kasi zaidi hazina.

Ukaguzi uanzie kwenye nyaya za mabawa. Kwa kweli ni fito bapa za chuma kisichoshika kutu, zenye hesi kila ncha. Kwenye uma wa ncha kuna tundu dogo: ingiza waya mwembamba. Ukipenya hadi upande wa pili, hesi haikuingia vya kutosha, na hapo hakuna mjadala. Tafuta pia mkwaruzo unaokatiza fito, maana ufa wa uchovu huanzia hapo. Zinapopishana huwekwa kipande cha kuzitenganisha. Kikilegea, fito hutetemeka na kulana zenyewe kwa zenyewe.

Boriti za mabawa, yaani mihimili mikuu inayobeba mzigo wa bawa, ni za mti wa sprusi. Mulika kwa tochi na kioo kupitia matundu ya ukaguzi, ukitafuta mstari mwembamba unaokatiza nyuzi za mti: huo ni ufa wa kubanwa, na mara nyingi chanzo chake ni ncha ya bawa kugonga ardhi ndege ilipojigeuza kwenye njia ya kurukia. Kitambaa kipya kwenye bawa moja tu kina hadithi. Iulize.

Propela inahitaji muda zaidi. Ya chuma ni nzito, na ndege inapopinduliwa kama katika lomcevak, mchezo wa kuibiringisha ndege pua kwa mkia, uzito huo unaozunguka hukataa kugeuzwa na kuipinda flanji ya krankishafti, yaani sahani ya mwisho wa mhimili wa injini inayoshika propela. Nyufa huanzia nyuma ya flanji. Soma daftari la injini: propela iliwahi kugonga chochote? Flanji ilikaguliwa lini, na kwa njia gani? Propela nyepesi ya MT, yenye kiini cha mbao, hupunguza mzigo huo, lakini kuipunguzia pua uzito kunasogeza kitovu cha uzito nyuma, na ndege yenye mkia mzito hugoma kutoka kwenye mzunguko wa pia, yaani kuanguka huku ikizunguka. Aliyebadilisha propela bila kupima uzito upya hajamaliza kazi.

Mfumo wa oili wa kuruka chali unategemea vali za gololi. Presha ikicheza sekunde moja au mbili wakati wa kupinduka ni kawaida. Ikibaki chini, gololi imekwama au hosi inavuta hewa, nawe geuza ndege mara moja. Usijaze oili hadi alama ya juu, kwani ziada huishia kupakwa tumboni mwa ndege. Ndani ya tangi la mafuta kuna hosi yenye kizito kinachofuata mafuta yaliko. Mpira wake hukauka na kuwa mgumu kama kijiti, hasa tangi likikaa tupu, kisha injini hukohoa ukiwa chali. Ibadilishe kwa kufuata umri wake.

Kisha mizani. Kitabuni Eagle tupu ina kilo 465 na kikomo ni kilo 716. Watu wawili wa kilo 85 na miamvuli yao ya kuokolea maisha, kila mmoja kilo 8, ni kilo 186; zinabaki 65 za mafuta, takriban lita 90. Ikiwa rangi, redio na mtambo wa moshi vimeifikisha kilo 500, mafuta yanashuka hadi lita 40 hivi. Usipokee karatasi ya uzito ya miaka ya 1980.

Kwa Marekani kuna jambo la makaratasi linalowapiga chenga wengi: cheti cha ufundi anachopewa mjenzi hakiuzwi pamoja na ndege. Kwa kawaida mmiliki mpya humlipa fundi mwenye leseni ya ndege na injini, yaani A&P kwa ukaguzi wa kila mwaka. Hakikisha pia daftari linataja kila mchezo uliojaribiwa na kasi ya kuuanza. Miamvuli ya kitambaa cha sintetiki hufungwa upya kila siku 180.

Kutua kunahitaji mazoezi na mwalimu anayejua gurudumu la mkia, kwa kuwa pua huficha njia yote. Watu huingia kwa kupinda na kunyoosha mwishoni.

Mwisho fungua bati la chini ya mkia na upapase kwa vidole. Kalamu, sarafu, nati iliyodondoka siku ya matengenezo: kila kilichopotea ndani ya ndege hii huishia huko, karibu na viungo vya eleveta, kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua, na kimoja tu kinatosha kuikwamisha fimbo. Muuzaji akisema bati hilo halina haja ya kufunguliwa, ndege hiyo ibaki kwake.