Ekzosi ya Vitz yangu, na duka lililogombana na sumaku

Nilingoja hasira itulie ndipo niandike. Haijatulia, kwa hivyo naandika nayo.

Gari ni Vitz RS ya 1500, gia za mkono. Siku za kazi inanipeleka mjini, wikendi natoa viti vya nyuma naenda nayo autokrosi, mashindano ya mbio fupi za kuzunguka koni. Anayetaka kujua ina nguvu farasi ngapi atafute mwenyewe. Mimi nazungumzia bomba la moshi, na mwanamume aliyeniuzia bomba hilo.

Duka liko Industrial Area. Sakafu inang'aa, kuna mashine ya kahawa, mabomba yamepangwa ukutani kila moja na bei yake. Nilifika nikijua ninachotaka: bomba la upana wa inchi mbili kutoka kwenye ekstrakta (mabomba yanayopokea moshi kutoka injini) hadi nyuma, chuma cha pua cha daraja la 304, kona zikunjwe kwa mashine bila kuminywa, resoneta ya kupunguza mngurumo katikati na sailensa moja ya maana. Jamaa wa kaunta hakuandika hata neno. Alitazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu anakuja.

"Madam, gari ni ya mzee?"

Gari ni yangu.

"Basi mwambie mzee apige simu, tuongee mambo ya saizi."

Marehemu Orie Rogo Manduli, yule mama mwanasiasa wa vilemba, aliingia mbio za magari za Safari Rally mwaka wa 1974. Mimi, zaidi ya nusu karne baadaye, naambiwa nilete mzee ndipo nipimiwe bomba.

Alichotaka kuniuzia ni inchi mbili na nusu. "Kubwa inapumua, madam." Inapumua, ndiyo, ukiwa na turbo. Injini ndogo isiyo na turbo inataka moshi utoke mbio. Ukiupa bomba pana unajikokota, na gari inakosa kuvuta mizunguko ikiwa chini. Na autokrosi yote iko huko chini: unatoka kuzunguka koni na gia ya pili, injini imeshuka, unataka gari ishike hapo hapo, si baada ya kufika mizunguko elfu sita. Tena Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini kama yangu imeshapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake kabla sijakanyaga mafuta. Kidogo kilichobaki sikitupi kwa sababu ya bomba la kujionyesha.

Aliposhindwa hapo akaja na nyingine: "Ama tutoe sailensa yote, iseme." Iseme na nani? Naishi fleti. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, ziko tangu 2009, na kama kuna Mkenya mmoja anayezikumbuka, ni jirani yangu wa chini.

Mwishowe alikubali inchi mbili, kwa uso wa mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze. Elfu sitini na nane, nusu nikalipa papo hapo kwa M-Pesa. Kazi ya siku mbili ikapita wiki. Hilo sina haja ya kulielezea, sote tumeshawahi kuacha gari kwa fundi.

Lakini siku niliyoenda kuichukua! Niliiwasha pale nje nikasahau kila kitu. Sauti nzito, safi, haipasuki ukiachilia mafuta. Nikainama kuangalia chini: mistari ya kuchomelea imepangana sawasawa, rangi ya dhahabu ikiingia kwenye samawati, hakuna tone lililomwagika. Kijana aliyeifanya alikuwa amelala chini ya gari nyingine, ikabidi nishukuru miguu yake. Wiki hiyo ungeniuliza, ningekupeleka dukani mwenyewe.

Sasa sumaku. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Hukaa kwenye sanduku la spana, kazi yake ni kushika nati zisipotee. Siku moja nabadilisha oili, nimelala chini ya gari, sumaku ikaniponyoka. Haikuanguka. Iliruka juu, ka! ikagonga bomba na kubaki hapo hapo.

Nikaitazama. Yenyewe ikatulia.

304 haishiki sumaku hivyo. Ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, na nikeli hiyo ndiyo inayoifanya isivutwe. Kwenye kona inaweza kuvuta kidogo, kwa sababu chuma hicho kikikunjwa baridi hubadilika ndani. Hilo nalijua, basi nikahamia sehemu iliyonyooka, ile ndefu ya katikati. Ikashika hadi nikaibandua kwa bisibisi. Hiyo ni 409, chuma cha pua cha daraja la chini, au ndugu yake. Na 409 si takataka, tusemezane ukweli: ekzosi nyingi zinazotoka na gari kiwandani ni za chuma hicho, na joto inalivumilia. Ila kromiamu yake ni kama asilimia 11 tu, hushika kutu ya juu juu, na bei yake iko chini. Mimi nililipia 304. Iko kwenye risiti, kwa mwandiko wake.

Nikarudi na risiti na sumaku, nikamwita hadi kwenye gari, nikaibandika mbele yake. Akaitazama. Akanitazama. Akasema:

"Madam, hiyo sumaku yako ni kali sana."

Nikamwambia alete kipande cha 304 tulinganishe. Zimeisha. Zimeisha vipi, na ukuta mzima umejaa? Nikarudi ndani, nikanyoosha mkono nijaribu moja. "Usiguse stoo, madam." Kulikuwa na mzee mmoja wa Subaru anangoja gari yake, akaniomba sumaku ajaribu ya kwake, nayo ilikuwa imefungwa hapo hapo. Akaizungusha kila mahali. Haikushika hata kidogo. Yeye alipewa 304 yake safi.

Hapo ndipo sauti ya kaunta ilipobadilika. Karibu ofisini, soda gani, pole sana dada, labda msambazaji alitukosea. Inawezekana. Mabomba huja na stika tu, na stika haiapi. Lakini mtu aliyedanganywa hushtuka, hupiga simu pale pale, hutukana mtu. Huyu alinifungulia Fanta.

Halafu kuna kugonga. Kila tuta, ko, ko, bomba linapiga ekseli ya nyuma. Sikuwarudishia hiyo, nilishachoka kuitwa madam. Nikaenda Kirinyaga Road, kule Grogan, fundi akapandisha gari kwa jeki, akatikisa bomba kwa mkono mmoja. "Dadangu, hii mipira ya kuning'inizia bomba wamekuwekea laini." Akatia migumu, akavuta bomba kidogo upande, mia tatu. Hakuuliza gari ni ya nani. Alidai pia kwamba angenitengenezea yote kwa chuma cheusi, kile cha kawaida kisicho cha pua, kwa robo ya bei, na naamini, ingawa usipoipaka rangi ya joto, mvua za Nairobi zitaimaliza mapema. Kwa gari ya mashindano tupu pengine ningekubali.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa: gari inavuta. Autokrosi ya juzi nilitoka kwenye kona nikicheka peke yangu ndani ya helmeti. Ukishika mwendo mmoja Thika Road kuna mngurumo unaokaa masikioni, lakini yule kijana alikuwa ameshanionya. Bomba lenyewe limetengenezwa vizuri. Kwa chuma ambacho sicho.

Wamesema watanirudishia tofauti ya bei. Nilitaka kuwapa nyota moja, kisha nikakumbuka ule uchomeleaji. Natoa mbili, na zote mbili ni za yule kijana. Kaunta haipati kitu. Pesa ikiingia kabla ya wikendi nitafikiria upya, lakini simu iko hapa mkononi na ujumbe wa mwisho wa M-Pesa ni wa stima.