Butiaba kwa saa moja: uzoefu wangu kwenye bandari ya kale ya Ziwa Albert

Wengi hupanda boti pale Paraa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls nchini Uganda, wakiwa na hamu ya viboko, mamba na korongo nyangumi wa kwenye delta ya Nile, pale mto unapoingia Ziwa Albert. Hao wote tuliwaona, tukashukuru. Ila kilichonifanya niandike ni kituo kifupi tulichopewa Butiaba, maana pale abiria wanapunjwa bila kujua.

Boti yenyewe sina neno nayo. Nahodha aligawa jaketi za kuokolea maisha kabla hatujaondoka, akapita kwa kila mtu kuangalia kama kamba zimefungwa, hata kwa wale waliosema wanajua kuogelea. Tangu boti ya starehe ilipozama Ziwa Victoria, upande wa Mukono, Novemba 2018 na watu zaidi ya thelathini kufa, mimi hilo ndilo nalitazama kwanza. Chakula kilikuwa cha kawaida.

Tulipotia nanga Butiaba, kiongozi wa safari alinyoosha mkono: "Hapa palikuwa bandari ya Waingereza. Mna saa moja." Basi. Mbele yetu ni mwalo wa wavuvi kama mwalo mwingine: mitumbwi, bodaboda, muziri, samaki wadogo kama dagaa, wameanikwa juu ya nyavu na akina mama wanawageuza kwa viganja, haraka haraka, wasishikane. Wenzangu walitafuta magofu, wakakosa, wakarudi botini kunywa soda. Siwalaumu hata kidogo. Meli kubwa ya hapo, SS Robert Coryndon, ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza ikaunganishwa papo hapo, ikaingia majini mwaka 1930. Mafuriko ya miaka ya sitini yaliimaliza bandari, meli ikazama 1964, na baadaye mabaki yake yakakatwa yakauzwa kama chuma chakavu. Utapiga picha ya nini?

Mimi nilimfuata mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu kivulini. "Habari ya hapa, mzee?" "Muzuri, mwanangu, karibu," kwa Kiswahili cha kule, chenye ladha ya Kongo. Nilipomuuliza habari za meli aliweka wavu chini, akachukua kijiti akachora mchangani: hapa gati, hapa meli ilipolalia. Kisha akanichorea njia nzima. Mzigo ulitoka Jinja kwa treni hadi Namasagali, ukapanda meli kuvuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, magari yakaupokea kupitia Masindi mjini na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Butiaba. Hapo ukagawanyika: wa Kongo ukavuka kwenda Kasenyi na Mahagi, mwingine ukashuka na Nile kwenda Pakwach na Nimule. Mwaka huohuo wa 1964 reli ikafika Pakwach, na njia ile ndefu ikakosa kazi.

Na kuna habari ambayo kiongozi wetu hakuigusa kabisa! Januari 1954 ndege iliyombeba mwandishi Ernest Hemingway na mkewe Mary ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison. Siku iliyofuata boti iliwaokota ikawashusha Butiaba, wakapandishwa ndege nyingine, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka. Hemingway aliumia vibaya lakini alitoka hai, wakati magazeti duniani yameshatangaza kifo chake. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel. Mgeni anasimama jirani na mahali hapo, halafu anaambiwa tu ana saa moja.

Kwa boti natoa nyota tano, kwa kituo cha Butiaba mbili. Ombi langu kwa wenye safari hii, na nimewaandikia pia: ongezeni muda, chapisheni picha za zamani za bandari mzigawe botini, na mlipeni mzee wa mwaloni azungumze na wageni. Pesa hiyo ni ndogo ukilinganisha na tunayolipa.

Ukienda, beba noti ndogondogo za kununulia samaki wa kukaushwa, na kofia, maana vivuli ni vichache. Asiyetaka boti anaweza kufika kwa gari: barabara ya lami ya Hoima kwenda Wanseko inapita Butiaba, na hapo hakuna atakayekuhesabia dakika.