Mwaka Mmoja na Kindle Paperwhite: Yanayosomeka Humo na Yanayobaki kwenye Simu

Kwa miaka mingi nilisoma vitabu kwenye simu, kwa programu ya ReadEra ambayo ni ya bure na hufungua karibu kila aina ya faili, na maandishi ya kazi nikayasomea kwenye kompyuta mpakato. Mwaka mmoja uliopita nilianza kutumia Kindle Paperwhite, toleo la mwaka 2021, nikitaka kujua kama kifaa kilichoundwa kwa ajili ya kusomea tu kinastahili kununuliwa na mtu ambaye tayari ana simu mfukoni. Kwa riwaya, tawasifu na kitabu chochote cha maelezo marefu, jibu langu ni ndiyo. Kwa mafaili ya PDF, ni hapana.

Tofauti kubwa imo kwenye kioo. Kioo cha simu humulika macho moja kwa moja, ilhali hiki kimetengenezwa kwa wino wa kielektroniki: vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, ambazo umeme huzisukuma juu au chini hadi herufi zijitokeze, kisha hutulia hapo bila kula chaji mpaka msomaji afungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji yake huhesabiwa kwa wiki, na ndiyo maana jua la saa saba mchana, ambalo hugeuza kioo cha simu kuwa cha kujitazamia, hapa huzidi kuyakoleza maandishi. Usiku, taa ndogo 17 zilizojificha pembeni humwaga mwanga juu ya ukurasa, nao unaweza kupunguzwa na kufanywa wa manjano kama wa kibatari. Nasoma ndani ya chandarua, mtoto amelala ubavuni mwangu, wala hageuki.

Hata hivyo, si macho yaliyonifanya nikipende. Kwenye simu nilikuwa sijafika ukurasa wa tatu, ujumbe wa kikundi cha familia unaingia, naufungua ili nijibu neno moja, na nusu saa baadaye niko kwenye habari za mpira, wala sikumbuki mhusika nilimwacha njiani au nyumbani. Humu hakuna ujumbe unaoingia. Riwaya ya kurasa zaidi ya 400, ambayo kwenye simu niliihangaikia miezi miwili nikaiacha katikati, niliimaliza kwa siku tisa, na baadhi ya siku hizo umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi.

Tatizo la PDF lataka kuelezwa vizuri, kwa sababu linatugusa sana sisi tunaosoma Kiswahili. Faili la EPUB, aina ya faili inayotumika kwa vitabu vya kielektroniki, hujipanga upya kulingana na ukubwa wa kioo, na tangu mwaka 2022 linaweza kutumwa kwenye Kindle kwa baruapepe. PDF haijipangi, bali ukurasa mzima wa A4 hubanwa ndani ya inchi 6.8, na ukiukuza inakubidi kuuvuta huku na huko kwenye kioo ambacho hukawia kufuata kidole. Sasa, tasnifu zetu, makala za majarida na vitabu vya zamani vilivyoskaniwa hutufikia kwa PDF, mara nyingi vikiwa picha tupu, ilhali Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni yenye zaidi ya vitabu 70,000 vya bure, ina Kiswahili kichache mno. Kwa kazi hizo narudi kwenye kompyuta, ambako ukurasa husimama mzima na nafasi ya kuandika madondoo iko kando yake. Simu nayo haijastaafu: programu ya Kindle hukumbuka ukurasa nilioishia, kwa hiyo nikikwama kwenye foleni ya benki naendelea pale pale.

Kamusi ya Kiingereza iliyomo hufunguka kwa kubonyeza neno. Ya Kiswahili haimo, nami naona hilo ni pungufu kubwa kwa lugha yenye wasemaji wengi kiasi hiki. Kwa sasa, nikikutana na neno nisilolijua, naliwekea alama kwa kidole, na asubuhi nalitafuta kwenye kamusi ya karatasi iliyo mezani.