Viroboto, mbu na mende: ununue nini ku soko ya Kadutu, Bukavu, na nini uache

Kama uko na paka ao imbwa ku nyumba, mbele utoe franga ujiulize hii kitu moja tu: hii dawa paka ataikula? Juu paka anajilambaka siku muzima, chenye unapakaa ku manyoya kinaenda mu tumbo. Mambo ya "ni ya kinatire haina shida" ile ni maneno ya muuzaji.

Namba moja kwangu haiko hata dawa, ni kichanuo ya chawa, ile ya meno ya kukaribiana sana, utaipata kwa bamama benye kuuza mameshi. Unachana imbwa kila mangaribi, kiroboto akishikwa unamutumbukiza mu maji ya sabuni, anazama, basi. Lakini usichane imbwa halafu uache ile gunia analalia! Mayai inaangukaka chini, na kiroboto ingali ndani ya kifuko yake inaweza ngoja miezi mbele itoke, njo maana unasema imeisha kumbe unarudia kujikuna. Fua gunia na maji ya moto kila wiki, fagia makona yote.

Ya pili mustikere, ile bengine banaita chandarua, na grilaje ku dirisha. Inakamata franga siku ya kwanza lakini haina harufu, na kama haiko ile ya kutiwa dawa, haina sumu. Angalia matundu mbele ulipe, kama ni ile ya banda ya kuku mbu atapita akiimba.

Ya tatu piretre, ku Kenya banasema pareto, ile maua nyeupe inalimwa huku kwetu ku milima ya Kivu. Inaua wadudu kweli, ila jua inaiharibu haraka, mwaga mangaribi. Na weye wa paka soma karatasi: kama banaandika permetrini, ile ni ya kutengenezwa mu izini haiko ua tena, na ile ya imbwa yenye nguvu inaweza ua paka. Muuzaji mumoja aliniambia ni kitu moja. Haiko kitu moja!

Kwa mende, asidi boriki na sukari mu kifuniko ya chupa, nyuma ya kabati, mbali na kuku na batoto. Majivu ya kufukuza sisimizi ku sambaza, tule tusamaki tudogo, ni bure, mvua ikinyesha imeisha. Mchaichai mimi naikunywa tu, juu mafuta yake ku ngozi inashika saa moja, mbili, na ukiipanda ku mulango mbu hata haistuke.

Ya kuacha kabisa: tungulu saumu mu chakula ya imbwa, inaharibu damu yake, na mafuta ya tea tree, paka anatetemeka mpaka anaanguka.

Panya sikuiweka humu, juu ya panya niko na paka. Na njo maana ile sumu ya panya siinunuake: panya anaikula, paka anakula panya, kisha panya wengine banakuja kulala ku nafasi ya paka.